Biblia huchakaa wapi

Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu hapa Ngamiani, Tanga. Wanafunzi wa vyuo wanaoniletea ripoti zao husema "kubaindi". Marehemu baba, aliyejifunza kazi kwenye kiwanda cha uchapaji cha misheni kule Vuga, Usambara, kisha akanifundisha mimi, alisema kujalidi, nami nimebaki na neno lake. Mezani kwangu hupita vitabu vya hesabu vya maduka, madaftari ya mahudhurio, misahafu, vitabu vya nyimbo, na Biblia. Biblia ni nyingi. Huja zimevunjika mgongo, zimefungwa kwa kamba ya katani au plasta ya hospitali, na mwenyewe huiweka mezani taratibu, kama mtu aliyeleta mtoto zahanati.

Kabla sijakata uzi wa zamani, huifunga Biblia vizuri nikaigeuza niutazame ukingo wa mbele, ule upande ambao vidole hupita wakati wa kufungua. Kitabu kipya ukingo wake ni mweupe mwanzo hadi mwisho. Kikikaa miaka 20 mikononi mwa mtu mmoja, ukingo huota mistari myeusi, minene na myembamba, kama matabaka ya udongo kwenye kingo za korongo. Weusi huo ni jasho, mafuta ya nywele, vumbi na moshi wa jikoni. Palipo peusi ndipo mwenyewe amekuwa akienda. Palipo peupe hajapata kufika.

Zaburi ni nyeusi karibu kwa kila mtu. Halafu Mathayo, kurasa za mwanzo, na Yohana. Kwa walokole wa zamani, Warumi. Kwa wanaosali makanisa ambayo utoaji huhubiriwa kila Jumapili, Malaki huwa na mstari wake peke yake, ingawa ni kitabu cha kurasa chache sana: ni ile sura ya 3, ya zaka kamili ghalani. Walawi, Hesabu na Mambo ya Nyakati hubaki na weupe wa dukani. Misahafu nayo ina habari zake. Yasini huchakaa, na juzuu ya Amma ambayo watoto huanza nayo chuoni.

Nimetazama kingo hizi karibu miaka 30, na ndizo zilizonifanya niandike leo. Tukisema "Wakristo wanaiamini Biblia" tunasema haraka mno. Mtu huamini ile sehemu iliyomfikia, kwa maneno yaliyomfikia, kupitia mlango ulioingilia: sikio, kumbukumbu, karatasi, na sasa kioo cha simu. Mlango ukibadilika, imani nayo hubadilika umbo, hata kama jengo la kanisa ni lile lile na nyimbo ni zile zile. Sisemi hivi kwa kumlaumu mtu. Nimeliona kwa watu wangu mwenyewe.

Bibi yangu mzaa baba alizaliwa Mlalo, juu milimani, mnamo 1925. Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walifungua kituo Mlalo mwaka 1891, kwa hiyo mama yake bibi alikuwa wa kizazi cha kwanza cha waliobatizwa. Mama huyo hakuwa na Biblia wala hakujua kusoma. Alichokuwa nacho ni nyimbo, Katekisimo Ndogo ya Luther aliyokaririshwa kwa mdomo, kila amri ikifuatwa na lile swali "Maana yake nini?", na hadithi za Jumapili: Nuhu, Yusufu, Yona, mwana mpotevu.

Bibi alisema mama yake alimjua Yusufu kuliko alivyomjua Paulo. Paulo kwake lilikuwa jina la kubatizia wavulana. Yusufu alikuwa mtu. Baada ya mfalme Kimweri ye Nyumbai kufa mwaka 1862, vita vya kugombea urithi viliivunja Usambara, na watu wengi waliuzwa, wakateremshwa hadi Pangani. Wazee waliokuwa hai utotoni mwa mama yake bibi walikuwa wameyaona hayo kwa macho. Sasa mtu kama huyo umsimulie habari za kijana aliyeuzwa na ndugu zake kwa wafanyabiashara, akapelekwa nchi ya mbali, na Bwana akawa pamoja naye huko. Hahitaji mahubiri ya ziada. Mungu wa mama yake bibi alikuwa Mungu anayemfuata mtu aliyeuzwa. Habari za kuhesabiwa haki kwa imani, ambazo Walutheri wenzake wa Ujerumani waliziona kuwa moyo wa mambo yote, ziliingia kwake kupitia majibu ya katekisimo, na sidhani zilipata kumtoa machozi. Yusufu alimtoa.

Kisha ikaja karatasi. Babu alishuka kukata mkonge kwenye mashamba ya Korogwe, akarudi na pesa ya mabati na Biblia moja. Mabati yaliliwa na kutu zamani, Biblia ninayo.

Ni ile ya Karl Roehl, iliyochapwa Stuttgart. Agano Jipya lake lilitoka 1930, Biblia nzima 1937. Roehl alikuwa mmisionari aliyeijua Usambara vizuri; sarufi yake ya Kishambaa ilichapwa 1911. Katika kutafsiri alisaidiwa na Martin Nganisya na Andrea Ndekeja, na shabaha yao ilikuwa watu wa bara wapate Biblia ya Kiswahili yenye maneno ya Kibantu, yale ya asili ya Kiarabu yapunguzwe kadiri iwezekanavyo. Kwa hiyo humo Injili ni "Utume mwema". Amani ni "utengemano". Na mahali ambapo wengi wetu tumezoea kusoma kuamini, Biblia ya bibi inasema kutegemea.

Angalia Yohana 3:16. Sisi tuliolelewa na Union Version, Biblia ya mwaka 1952, tunaisema hata usingizini: "ili kila mtu amwaminiye asipotee". Ya bibi inasema "kila amtegemeaye". Ni neno moja tu, lakini bibi aliishi ndani ya neno hilo zaidi ya miaka 50. Nilipokuwa kipaimara mwalimu alitufundisha kwamba imani ni kukubali yale ambayo Mungu ametuambia kuwa ni kweli, tukakariri "Namwamini Mungu Baba", tukasahihishwa tulipokosea. Nilirudi nyumbani nikamuuliza bibi kama yeye anaamini yote yale. Alikuwa amekaa kibarazani na mkongojo wake. Aliunyanyua kidogo, akausimamisha tena chini, akaelemea juu yake kwa mikono miwili. "Huu siuamini," alisema. "Nauegemea."

Miaka mingi nilidhani hayo yalikuwa maneno ya hekima ya bibi. Nilipokuja kuifungua Biblia yake kwa kazi, ndipo nilipoona yametoka wapi.

Wala sisemi Roehl ndiye aliyepatia. Mimi ni mtu wa Tanga mjini, na hapa kwetu "utengemano" ukimwambia mtu sokoni atakuuliza ni dawa ya nini. Kiswahili cha mwambao kiliingia Ukristo kwa mlango mwingine kabisa. Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, aliyemsaidia alikuwa kadhi. Fikiria hilo: Muislamu, mwamuzi wa sheria, ameketi na mgeni wa Kijerumani wakitafuta maneno ya "Hapo mwanzo". Baadaye Edward Steere wa Unguja na wenzake walitoa Agano Jipya mwaka 1883 na Biblia nzima 1891, na Mombasa nao wakapata yao kamili mwaka 1914. Maneno ya imani, dhambi, toba, sala, rehema, tumaini letu lote, tuliazima kwa jirani, na jirani bado anayatumia. Mkristo wa pwani anayesema "rehema" anatamka neno ambalo nyumba ya pili analisikia likitamkwa kwa Mungu kila siku. Nadhani ndiyo sababu Wakristo wa Tanga, kwa ninavyowajua, ni wagumu kuamini kwamba jirani yao hamjui Mungu hata kidogo. Bibi kule milimani aliweza kuamini hivyo kwa urahisi zaidi. Biblia yake haikumpa maneno ya kufanana naye.

Kuna mama wa Kikatoliki hapa mtaani, sasa amepita miaka 80. Mimi humwita mama, naye huniita mwanangu ingawa nami nina mvi. Hajawahi kuniletea Biblia. Ameniletea Misale ya Waumini, mara mbili, na ukingo wake umechakaa mahali ambapo pana sala za Misa na masomo ya Jumapili. Akiwa msichana alijibu kwa Kilatini. Mpaka leo anaweza: padre anasema Dominus vobiscum, yeye anajibu Et cum spiritu tuo, bila kukosea hata herufi, na anasema wakati ule hakujua neno lipi ndilo "roho". Alijua tu kwamba anaitikia kitu kikubwa.

Desemba 4, 1963 Mtaguso wa pili wa Vatikano ulifungua njia ya lugha za watu katika ibada, na Novemba 18, 1965 hati ya Dei Verbum ikataka waamini wote wapewe njia pana ya kuyafikia Maandiko. Hayo ndiyo maandishi. Mtaani kwetu yalifika hivi: Jumapili moja padre aliwageukia watu, akasema "Bwana awe nanyi", na mama huyu akashtuka kama mtu aliyedhani yuko peke yake chumbani, kisha akasikia jina lake likiitwa. Aliniambia kwamba kwa miezi kadhaa alikosa raha. Zamani Misa ilikuwa ya Mungu na padre, yeye akiwa pembeni na rozari yake, salama. Sasa alikuwa anaulizwa. Baadaye zikaja jumuiya ndogondogo, watu kumi na wawili sebuleni na Injili ya wiki, kila mmoja aseme amesikia nini. Yeye ambaye hakuwahi kuulizwa amesikia nini, akiwa na watoto wakubwa, ikabidi ajifunze kuwa na jibu.

Bibi alipofariki, mama huyu alikuja matangani, akakaa nami mkekani siku zote tatu. Siku ya mwisho akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nyinyi mnamwombea?" Nikamwambia sisi tunamshukuru Mungu kwa maisha yake, tunawaombea waliobaki. Akatikisa kichwa, si kwa kunihukumu. "Kwenu kitabu chenyewe hakimo," akasema.

Alikuwa na haki. Katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, Yuda Makabayo anachanga fedha kwa askari wake na kuzipeleka Yerusalemu ili itolewe sadaka kwa ajili ya wenzao waliouawa vitani. Wakatoliki wanacho kitabu hicho. Luther alivitenga vitabu vya namna hiyo katika Biblia yake ya 1534, akisema ni vizuri kuvisoma lakini havilingani na Maandiko, ila bado alivichapa. Kilichoviondoa kabisa katika Biblia nyingi za Kiprotestanti zilizofika Afrika ni jambo la karibu zaidi na kazi yangu: mwaka 1826 chama cha Biblia cha Uingereza, baada ya mabishano makali, kiliamua fedha zake zisichape tena Biblia zenye vitabu hivyo. Waliokuwa kwenye kikao kile London hawakuwahi kuisikia Ngamiani. Lakini uamuzi wao ulikuwa pale mkekani, kati ya wanawake wawili waliofiwa, mmoja ana la kumfanyia marehemu na mwingine hana. Ninasema ukweli: usiku ule nilimwonea wivu.

Kitabu chenyewe kama kitu cha kushonwa kina sehemu yake katika haya, na hapa mtanivumilia kidogo kwa sababu ndiyo kazi yangu. Paulo anamwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha kwa Karpo, "na vile vitabu, hasa vile vya ngozi". Wakati ule vitabu vya heshima vilikuwa magombo ya kukunjua. Union Version bado ina kumbukumbu ya jambo hilo: Yesu anapewa "chuo cha nabii Isaya" naye "akakifungua chuo". Lakini Wakristo wa mwanzo, mapema kuliko majirani zao, walipenda kurasa zilizokunjwa na kushonwa kati, kama tunavyoshona mpaka leo. Kuna kitabu cha mafunjo cha karibu mwaka 200 chenye nyaraka za Paulo, sehemu kubwa iko Dublin na nyingine Michigan. Hebu waza tofauti yake. Kanisa la Kolosai lilipokea waraka mmoja, likaambiwa ukiisha kusomwa kwao usomwe na kwa Walaodikia pia. Ulisomwa kwa sauti, mara moja, mbili, mtu akaenda zake na alichokishika. Aliyekuwa na nyaraka zote zimeshonwa pamoja aliweza kufanya ambacho Wakolosai wa kwanza hawakuweza: kuweka kidole Warumi, akafungua Wagalatia, akalinganisha. Sidhani elimu ya dini tuliyoirithi ingekuwa ilivyo bila uzi na sindano.

Na kinachoshonwa pamoja huaminiwa pamoja. Ile Biblia kubwa ya Kigiriki ya karne ya nne iliyokuwa katika monasteri ya Mtakatifu Katerina, Sinai, mwishoni ina Waraka wa Barnaba na Mchungaji wa Herma. Mwaka 367 Athanasio wa Aleksandria alipowaandikia makanisa yake orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya, hivyo viwili havikuwamo. Aliyekuwa na kitabu kimoja na aliyekuwa na barua ya Athanasio hawakuwa wanasoma Agano lile lile. Mjerumani mwingine, Tischendorf, aliziona karatasi za kitabu hicho mwaka 1844, mwaka ule ule ambao Krapf alishuka Mombasa, akaondoka na 43. Leo kitabu hicho kimoja kiko mahali pa nne: London, Leipzig, Saint Petersburg na Sinai. Kila nikikumbuka hilo mikono yangu huwashwa.

Watu wengi wa enzi zote, lakini, hawakushika kitabu chochote. Ufunuo unaanza kwa kusema "Heri asomaye na wao wayasikiao". Msomaji ni mmoja, wasikiaji ni wengi, na heri ni ya wote. Mama yake bibi alikuwa katika hao wasikiao. Mpaka juzi nilidhani kundi hilo linakwisha, kumbe linaongezeka upya: mtoto wa kaka yangu, aliye chuo cha ualimu, amesikiliza Yeremia yote kwa spika za masikioni akiwa kwenye daladala. Yeremia! Ukingo ambao mimi huuona mweupe.

Kijana huyo ndiye aliyenichokonoa niandike. Alikuja dukani na simu yake, baada ya shikamoo akaniambia, "Shangazi, Biblia ya bibi imo humu." Kweli imo, ya 1937, herufi kwa herufi. Akaipanga kando ya Union Version na Habari Njema, akapita mstari kwa mstari, na swali lake la kwanza likawa lile la kutegemea. Bibi aliishi ndani ya tafsiri moja kama mtu anavyoishi ndani ya nyumba. Hakujua kuna nyingine mpaka uzeeni. Huyu ana tatu kwenye kiganja. Imani yake inaanza na "lakini ile nyingine inasemaje?", na sijaona kwamba ni pungufu kwa hilo. Tuliongea saa nzima, na ni miaka mingi sijaongea na kijana kuhusu neno moja kwa saa nzima.

Nilichomgombeza ni kingine. Kioo cha simu yake, kabla hujafungua chochote, kina maandishi ya Yeremia 29:11: mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho. Anasema simu humletea aya moja kila asubuhi, hiyo ameipenda akaiweka. Nikamuuliza aya ya 10 inasemaje. Hakujua, ingawa ameisikiliza. Inasema miaka sabini itimie kwanza kwa Babeli. Waliosomewa barua ile, wengi wao wangekufa ugenini kabla ya ahadi. Kwenye karatasi huwezi kuisoma ya 11 bila jicho kugusa ya 10, iko hapo juu yake. Kwenye kioo imekatwa pembeni zote, na mtu aliyekatiwa aya namna hiyo kila asubuhi ataamini Mungu asiye na miaka sabini.

Nilisema neno "imekatwa" mwenyewe, na nikanyamaza, kwa sababu mimi ndiye ninayejua kukata.

Mwaka 1994, nikiwa na miaka 19, bibi alinikabidhi Biblia yake niishone upya. Baba alikuwa safarini. Niliishona vizuri, kwa uzi wa nta na uji wa ngano, na nilipomaliza ukingo wa mbele ulikuwa umechongoka na mchafu. Nikauweka kwenye mashine ya kukatia karatasi, nikashusha kisu. Milimita sita. Ukingo ukatoka mweupe kama wa dukani, na vipande vyembamba kama tambi vikaanguka kapuni. Sikuwa nimeangalia kwamba bibi aliandika pembeni mwa kurasa kwa penseli: ubatizo, vifo, mvua iliyochelewa, kuzaliwa kwa baba yangu. Aliipokea, akaipima mkononi kwanza. "Mbona imekuwa ndogo?" aliuliza. Akafungua, akapitisha kidole pembeni, kikafika mahali pa kukatikia kikasimama.

Baba aliporudi alipiga magoti kwenye kapu la takataka. Alipata vipande 31 vyenye maandishi. Vile ambavyo kisu kilipasua herufi katikati alivipatia kurasa zake, 24, akaandika namba ya ukurasa nyuma ya kila kimoja na kuvitia kwenye bahasha ya kaki. Saba havikupata mahali. Na weusi wote wa ule ukingo, wa miaka karibu 50, ulikwenda. Tangu siku hiyo siwezi kushika Biblia ya mtu bila kuutazama ukingo kwanza, kwa sababu wa bibi sikuutazama. Familia tumekuwa tukisema bibi alikuwa mtu wa Zaburi ya 23 na ya 121. Ndizo alizotuimbia, na ndizo zilizosomwa kaburini mwaka 2003.

Mtoto wa kaka yangu aliitaka ile bahasha. Kipande kimoja kina maandishi ya kusimama, yote mazima: jina la baba yetu mdogo aliyekufa kwa surua akiwa na miaka mitatu, na 9/6/1950. Kina pia doa la mafuta lililokatwa na kisu. Tukatafuta mafuta hayo ndani ya Biblia. Yapo kwenye Zaburi, yamepenya karatasi nane, doa likipungua kila karatasi. Kijana aliwasha tochi ya simu akaiweka chini ya ukurasa, mimi nikasogeza kipande kwa kibanio, karatasi baada ya karatasi, mpaka upana wa doa wa huku na wa kule ukalingana.

Ilikuwa Zaburi ya 88. Sijapata kuisikia ikihubiriwa. Katekisimo haiitaji. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni zikamsifu Mungu. Hii haigeuki, mwanzo ni kilio na mwisho ni giza. Hakuna mchungaji wala mwalimu aliyempeleka bibi pale. Aliifikia mwenyewe, usiku, kwa kufunua ukurasa mmoja baada ya mwingine, katika kitabu ambacho mama yake hakuwa nacho.

Kipande nimekigandisha mahali pake kwa uji wa ngano na karatasi nyembamba. Vingine vitafuata kimoja kimoja. Nimeanza na hicho. Kwa kuwa kurasa zote nyingine nilizipunguza, huo mmoja sasa umetokeza nje milimita sita, na Biblia ya bibi ikifungwa ukingo wake wote ni mweupe isipokuwa ulimi huo mweusi.